Sura ya Nne: Nyuki Hafungwi Kamba

Zunguka vijiji vinavyopakana na Msitu wa Arabuko-Sokoke, tangu Mida na Gede upande wa bahari hadi Jilore na Dida upande wa bara, na mizinga hutaikosa. Mingine imepakwa rangi ya manjano, mingine samawati, na ubavuni imeandikwa kwa herufi kubwa jina la mradi ulioigawa. Sogea karibu utege sikio. Mara nyingi husikii kitu. Fungua kifuniko ukute mjusi, utando wa buibui, pengine nyigu, na ungaunga wa nta iliyokwisha kuliwa na nondo. Mzinga uko mzima, haujaibiwa wala kuoza, ila wenyewe wamehama.

Mizinga mitupu ni jambo ambalo ripoti za miradi hazipendi kulitaja, kwa kuwa ripoti huhesabu mizinga iliyogawiwa, na mzinga uliogawiwa unahesabika hata kama ndani yake analala mjusi. Lakini kwa familia yenye ekari tatu na haja ya kulipa karo, hesabu ni nyingine kabisa.

Mkulima wa pwani hapati taabu kupata nyuki. Sugua nta kidogo ndani ya mzinga, utundike kivulini kabla ya miti kuchanua, na kundi litaingia lenyewe bila kununuliwa hata kwa shilingi moja. Ulaya na Marekani watu hununua nyuki, wakaletewa nyumbani ndani ya maboksi yenye wavu. Hapa huja bure, na kwa wepesi uleule huondoka. Kwa hiyo sura hii haitakaa sana kwenye kuwanasa. Itakaa kwenye kuwafanya wabaki, maana hapo ndipo asali ya mwaka huu inapogeuka kuwa asali ya kila mwaka.

Nyuki wetu ni walewale wa asali wanaojulikana duniani kote, Apis mellifera, lakini ukoo wa pwani una jina lake, litorea, alilolitoa F. G. Smith mwaka 1961. Smith alikuwa ofisa wa ufugaji nyuki Tanganyika, na alipata nafasi ya kulinganisha nyuki wa ukanda wa joto wa pwani na wale wa nyanda na wa milimani. Hawa wa kwetu ni wadogo wa umbo na wepesi wa hasira. Binamu zao wa nyanda, scutellata, walipelekwa Brazil mwaka 1956 kwa ajili ya utafiti. Mwaka uliofuata makundi kadhaa yakatoroka, yakazaana na nyuki wenye asili ya Ulaya, yakatambaa bara zima hata kufika Texas mwaka 1990. Wamarekani walitunga filamu za kutisha. Mgiriama angewaambia tu kwamba nyuki huchokozwa kwa adabu.

Tabia hiyo ya kuhama ina sababu yake. Nyuki wa Ulaya amelelewa na baridi ya miezi mingi, na anayeondoka nyumbani wakati wa theluji hufa, kwa hiyo amejifunza kuweka akiba na kuilinda palepale. Kwetu hakuna theluji. Kuna ukame huku na mvua kule, kuna siafu, kuna nyegere mwenye kucha za kupasua gogo, kuna moto wa porini, kuna binadamu. Hapa aliyedumu vizazi na vizazi ni yule aliyejua kufunga virago mapema. Kundi la nyuki wa pwani likiona chakula kimepungua, maji yamekwenda mbali, jua linapiga mzinga mchana kutwa, au chungu wanaingia usiku kula majana, humaliza akiba iliyopo, huacha majana ya mwisho yakomae, kisha asubuhi moja huinuka lote, malkia na wafanyakazi. Likiondolewa kwa vurugu halingoji hata hayo.

Na vurugu kubwa kuliko zote ni ile tunayoiita mavuno.

Zamani za mzinga wa gogo, mrina asali alipanda mti usiku na mwenge wa moto, akaingiza mkono na kutoa kila kilichoguswa: asali, majana, chavua, vyote ndani ya ndoo moja. Nyuki wengi waliungua. Wazee hawakuwa wajinga. Misitu ilikuwa mikubwa, kundi lililofukuzwa lilipata pango jingine, na msimu uliofuata kundi jingine liliingia kwenye gogo lilelile. Kurina namna hiyo kulikuwa kuwinda, na Wawaata, ambao majirani huwaita Wasanye, waliokuwa wakiishi kwa uwindaji na asali huko nyuma ya Malindi kuelekea mto Galana, walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Kaskazini mwa Kenya, miongoni mwa Waborana, mtafiti Hussein Isack na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walipima faida ya kumfuata ndege kiongozi, yule anayeita watu na kuwapeleka kwenye asali. Matokeo yao ya mwaka 1989 yalionyesha kwamba bila ndege watafutaji walihitaji kama saa 9 kwa wastani kupata kundi moja la nyuki, na wakiongozwa na ndege kama saa 3 tu. Ndege mwenyewe hulipwa kwa nta na majana. Utaratibu mzuri, lakini unataka pori lisilo na mwisho. Mwenye ekari tatu hana pori la namna hiyo, na kundi likimkimbia kwake hakuna ahadi kwamba jingine litakuja mwakani.

Tazama basi jinsi mavuno ya mfugaji yanavyokwenda. Jua limeelekea kuzama. Mbuzi wamefungwa mbali, watoto wameambiwa wakae nyumbani, na bomba la moshi limejazwa makumbi ya nazi, ambayo huungua polepole na kutoa moshi mzito usio na ndimi za moto. Mfugaji, mjomba wa kijana anayemsaidia, anapuliza moshi kidogo mlangoni, anangoja, anapuliza tena. Kisha anakwenda upande wa nyuma wa mzinga, mbali na mlango, maana nyuki huweka majana karibu na mlango na asali nyuma. Anang'oa kiunzi cha mwisho, ule ubao wa juu unaoshika sega, kwa ncha ya kisu. Sega linaning'inia, zito, limefunikwa nta nyeupe juu mpaka chini. Analikata, akiacha ukanda wa nta wa upana wa kidole ukiwa umeshika kwenye kiunzi ili nyuki wajue pa kuanzia kujenga tena, na kiunzi kinarudi mahali pake. Cha pili vilevile. Cha tatu nusu yake iko wazi, asali inametameta kwenye vitundu ambavyo havijazibwa. Kinarudishwa bila kukatwa. Mpwa wake, aliyeshika ndoo, anaona cha nne kimefunikwa vizuri.

"Mjomba, hili nalo limejaa. Tulitoe?"

"Liache, mwanangu. Hilo la wenyewe."

Neno hilo moja lina uzito zaidi kuliko mafunzo ya siku tatu hotelini. Mzinga hauna mizani ya kukuambia kiasi cha kuacha, lakini kanuni ya wafugaji walio na nyuki miaka yote ni kwamba unakoma mara tu ukikutana na sega lenye chavua au majana, na hata kabla ya hapo unaacha masega kadhaa ya asali iliyozibwa. Kabla ya ukame wa Januari hadi Machi, jua la kaskazi linapokausha kila kitu, acha zaidi. Anayeingiza kundi jipya mwaka huu asiguse kitu mpaka lijaze mzinga, hata msimu wa kwanza ukipita mikono mitupu. Ushauri huu haupendwi. Mtu aliyenunua mzinga kwa mkopo wa chama anataka kuona ndoo. Lakini kila sega unalomwachia nyuki wakati wa njaa ni kodi ya nyumba unayomlipa ili asihame, na kodi hiyo ni rahisi kuliko kungoja mzinga mtupu ujazwe tena.

Mzinga wenyewe una habari yake. Ule wenye viunzi juu na ubavu ulioinama, ambao dunia nzima unaitwa mzinga wa Kenya, ulibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika mpango wa serikali ya Kenya na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada. Walitaka kitu ambacho fundi wa kijijini anaweza kukitengeneza kwa msumeno na nyundo, kinachofunguliwa bila kuua nyuki, na kisichohitaji mtu kukwea mti. Hili la mwisho lilifungua mlango ambao wengi hawakuutazamia. Gogo lililo juu ya mbambakofi ni kazi ya wanaume, lakini mzinga unaoning'inia kwa waya kati ya nguzo mbili, usawa wa kiuno, mama wa nyumbani anaufungua mwenyewe. Katika vikundi vingi vya pwani leo wanawake ndio wanaokumbuka ni mzinga upi ulihudumiwa lini.

Mafundi wetu wanakosea jambo moja, nalo ni upana wa kiunzi. Nyuki hujenga sega lake na kuacha njia ya kupita kwa kipimo kisichobishaniwa. Kwa nyuki wa Afrika kipimo hicho, kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya jingine, ni milimita 32. Nyuki wa Ulaya hutaka 35. Fundi anayenakili mchoro wa kizungu, au anayekata kwa kukadiria kwa jicho, atakupa viunzi vya 35, au kimoja 30 na kingine 38. Nyuki hawatalalamika. Watajenga wanavyotaka wao, sega likikatiza kutoka kiunzi hiki hadi kile, na siku ya kurina kila kiunzi unachoinua kitapasua masega mawili, asali imwagike, nyuki wazame ndani yake, kundi lichachamae, na wiki mbili baadaye mzinga uwe mtupu. Mtu atalaumu nyuki, atalaumu ukame, hata atalaumu jirani mwenye husuda. Kumbe ni milimita 3. Ukienda kwa seremala nenda na kiunzi cha mfano, si maneno.

Mzinga wa Langstroth, wa fremu na ghorofa, uliopewa hataza Marekani mwaka 1852, hutoa asali nyingi zaidi pale penye maua mengi na mashine ya kukamua. Wako wanaofaulu nao Kilifi. Kwa familia inayoanza, maoni yangu ni kwamba fedha zake zingenunua mizinga kadhaa ya viunzi na miche ya miti, na miti hiyo ingesaidia zaidi.

Maana mzinga ni nyumba tu, na nyuki hukaa penye chakula. Nyuki mmoja huzunguka kilomita 2 au 3 kutafuta maua, eneo kubwa mara mamia kuliko shamba la mwenye mzinga. Simama basi katikati ya shamba la Gede au Msabaha utazame kwa jicho la nyuki. Utaona mistari na mistari ya mivinje. Wakulima wameipanda kwa sababu nguzo zake hununuliwa haraka na wajenzi, na ina faida ya kweli kwa mfuko. Lakini mvinje huchavushwa na upepo na hauna tone la utamu ndani ya ua lake. Mahali paweza kuwa kijani kibichi kiasi cha kupendeza watalii na pakawa jangwa kwa nyuki. Shamba lenye mivinje mitupu na mahindi litakuwa na mizinga mitupu.

Mnazi ndio mkombozi. Mti huu hutoa karara moja baada ya nyingine mwaka mzima, na kila karara likipasuka hutandaza maelfu ya maua madogo yenye chavua na utamu. Wakati mwembe umelala na msitu umekauka, mnazi bado unalisha. Minazi iliyosimama karibu na mizinga ni ghala lisilofungwa. Hapo ndipo mfugaji anapokutana na mgema. Mgema hulifunga karara kabla halijapasuka na kulikata ncha, utomvu utiririke kibuyuni. Karara hilo halitoi ua wala nazi. Zaidi ya hapo nyuki hufuata utamu wa utomvu, wakaingia kibuyuni na kufa humo, wachache asubuhi, wengi saa za mchana. Mnywaji huchuja kwa mrija wake na kuendelea na mazungumzo. Mfugaji huhesabu nyuki wake. Na huwezi kumwambia Mgiriama aache mnazi, kinywaji kinachopelekwa kwenye posa na matanga. Lililo jepesi ni kufunika mdomo wa kibuyu kwa kitambaa cha wavu, na kukubaliana ni minazi ipi inagemwa na ipi, iliyo karibu na mizinga, inaachwa itoe maua. Mara nyingi mgema na mwenye mizinga ni ndugu, kwa hiyo kikao kinafanyika jikoni.

Mwembe na mkanju huchanua baridi ya kusi inapokuwa inamalizika, na wiki hizo mizinga huvuma mchana kutwa. Mkwaju, mkunazi, mwarobaini na magugu ya kando ya njia huziba mapengo. Kisha kuna milango miwili mikubwa ambayo hakuna shamba linaloweza kuipanda: msitu na mikoko.

Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha msitu wa pwani uliowahi kutanda Afrika Mashariki. Ndani yake kuna ukanda wa mirihi, miti ya ukoo wa miyombo ileile inayoipa Tabora jina la asali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, utafiti uliofanywa kwa majirani wa msitu ulionyesha kwamba zaidi ya nusu yao walitaka msitu ukatwe wapate mashamba. Hawakuwa na sababu ya kuupenda: tembo na nyani walitoka humo kula mazao yao, na wao wakiingia kutafuta kuni walikamatwa. Mwaka 1993 ukaanzishwa pale Gede, kando ya magofu, mradi wa Kipepeo, ambao ulifundisha familia kufuga viwavi wa vipepeo wa msituni na kuuza pupa zao kwa majumba ya maonyesho Ulaya na Marekani. Baadaye mradi huo uliongeza asali kwenye biashara yake. Hoja ilikuwa ileile kwa wadudu wote wawili: mti uliosimama umeanza kulipa. Sheria nayo ikafuata. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, zimeruhusu jamii zilizojiunga katika vyama vya misitu kupewa haki za matumizi, na kurina asali kumetajwa kwa jina. Kwa hiyo mwenye shamba linalopakana na msitu asitundike mzinga ndani ya mpaka kwa siri kama mwizi. Apitie chama chake, aandikishwe kwa Huduma ya Misitu, au autundike ndani ya uzio wake hatua chache kutoka mpakani, nyuki wavuke wenyewe. Wao hawaulizwi kibali.

Mikoko ya Mida Creek ni habari nyingine, na mimi naiona kuwa tamu zaidi. Mchu, ule mkoko wenye majani ya kijivu na mizizi iliyochomoza kama vidole topeni, una maua madogo ya manjano ambayo nyuki huyapenda mno. Mizinga inatundikwa juu ya kiwango cha bamvua, mahali ambapo maji makuu hayaifikii hata mwezi ukiwa mpevu. Chungu na siafu hawavuki maji ya chumvi kwa urahisi, kwa hiyo adui mmoja amepungua. Tatizo ni maji ya kunywa, kwani nyuki hawezi kunywa bahari. Mfugaji wa mikokoni huweka karai la maji matamu lenye vijiti vya kutua juu yake, na hulijaza kila mara. Kuna faida nyingine ambayo haiandikwi kwenye vitabu vya mapato: mtu mwenye shoka anayeingia mikokoni kukata boriti husikia mvumo, akageuza njia. Mida ni sehemu ya hifadhi ya viumbe ambayo UNESCO iliitambua tangu 1979 na mwaka 2019 ikaipanua hadi kuuingiza Arabuko-Sokoke, lakini anayekata boriti usiku hajawahi kusoma azimio la UNESCO. Nyuki anawaelewa.

Tukirudi kwenye ndoo, pwani ina adui wa asali ambaye watu wa Baringo na Kitui hawamjui sana, nao ni unyevu. Asali hunywa maji kutoka hewani. Viwango vinavyotumika kimataifa vinataka maji yasizidi asilimia 20. Yakizidi, chachu huamka na asali huanza kuchacha, ikatoa povu na harufu ya pombe ndani ya chupa. Hii ndiyo sababu mjomba alirudisha sega lililo nusu wazi: nyuki huziba kitundu kwa nta baada ya kuipunguzia asali maji, kwa hiyo kizibo ni cheti chao. Rina masega yaliyozibwa, usirine siku ya mvua, chujia ndani ya chumba kilichofungwa, na funika ndoo papo hapo. Ndoo iliyoachwa wazi usiku mmoja katika hewa ya Watamu huharibika polepole bila mtu kujua, mpaka mteja airudishe. Wala usiichemshe ili iwe nyepesi kuchuja. Moto huiua harufu na kuibadilisha, na mnunuzi mwenye kipimo ataijua. Masega yaliyopondwa yakiachwa juu ya kitambaa safi karibu na dirisha lenye jua la asubuhi yatatona yenyewe.

Majaribio ya mitaani ya kutambua asali safi, ya kuwasha kiberiti kilichochovywa au kudondosha tone kwenye maji, hayathibitishi lolote. Sukari iliyopikwa vizuri hufaulu yote. Hata kuganda si dosari, kwani asali nyingi halali huganda. Kinachomlinda mteja ni kumjua muuzaji. Kwa hiyo familia yenye mizinga kumi ina nguvu ambayo duka kubwa halina, hasa Malindi na Watamu, ambako mahoteli na wakazi wa Kitaliano hununua kwa jina la mtu. Wahadhrami wa mjini nao wanajua asali kuliko wengi wetu. Huko kwao Yemen, katika bonde la Do'an, asali ya mkunazi inauzwa bei ambayo mkulima wa Ganze angedhani ni mzaha, na inatajwa kwa bonde na kwa msimu wake. Mikunazi tunayo, mchu tunao, mrihi tunao, halafu tunachanganya yote kwenye chupa ya soda iliyooshwa na kuandika "asali". Anayerina mzinga wa mikokoni peke yake na kuiweka asali yake kwenye chupa yake, akaandika Mida na mwezi wa mavuno, ameongeza thamani bila kuongeza nyuki hata mmoja. Nta nayo isitupwe. Enzi za Wajerumani Tanganyika ilikuwa ikiuza nta nje kwa wingi, na leo kila masega ya kilo 10 hivi za asali huacha nta ya kutosha kutengeneza mafuta ya ngozi, kusugulia mizinga mipya, na kuuzia mafundi wa viatu.

Linabaki suala ambalo mfugaji hawezi kulitatua peke yake. Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa pwani ya Kenya, akaenea barani kote, na wenye miembe wakaongeza dawa juu ya zile walizokuwa wakipiga dhidi ya ukungu na wadudu wa maua. Mtu wa Magarini mwenye miembe hamsini ya aina ya apple hawezi kuambiwa aache, na embe lake likitobolewa hakuna atakayelinunua. Lakini dawa inayopigwa saa nne asubuhi, ua likiwa wazi, huua nyuki walioko kazini. Ileile ikipigwa jioni baada ya nyuki kurudi, na aina inayooza haraka ikichaguliwa, huua wachache. Mwenye mizinga anahitaji kujua siku moja kabla ili azibe milango kwa wavu usiku na kuweka maji ndani. Mwenye miembe naye anahitaji nyuki na nzi wa maua ili matunda yashike. Kuna mashamba ambako jambo hili limemalizwa kwa ujumbe wa simu na chupa mbili za asali kila msimu. Kuna mengine ambako mwenye miembe anaishi Nairobi, kibarua wake hupiga dawa anapopata nafasi, na mwenye mizinga hujua habari asubuhi, anapokuta nyuki wametapakaa chini ya mlango wa mzinga wakizunguka kwa miguu. Hapo ni chifu, ofisa wa kilimo wa wadi na subira, na kwa wakati huohuo kusogeza mizinga upande wa pili wa shamba, penye minazi.